Kufuga kuku Mbuya kwa gharama nafuu: kipi kitengenezwe nyumbani, kipi kinunuliwe?

Mlima wa Mbuya, ulioko katika Divisheni ya Nakawa mashariki mwa Kampala, una sura mbili. Juu ipo kambi ya jeshi pamoja na nyumba zenye nyua pana. Chini, kuelekea Kinawataka, vyumba vya kupanga vimebanana. Hata hivyo, pande zote mbili jogoo huwika alfajiri.

Ufugaji huo si wa kificho. Sheria ndogo za kilimo cha mjini zilizopitishwa Kampala mwaka 2006 zinauruhusu, mradi mfugaji awe na kibali na asiwe kero kwa majirani. Kizuizi kikubwa kwa wengi ni mtaji. Lakini vifaa vingi vinavyouzwa madukani vinaweza kutengenezwa nyumbani.

Chombo cha maji ni mfano mzuri. Chukua chupa ya plastiki yenye kifuniko, itoboe tundu dogo karibu na kitako, kisha isimamishe ndani ya bakuli pana. Tundu liwe chini ya ukingo wa bakuli. Liziba kwa kidole, jaza maji, funga kifuniko kabisa, ndipo uachie. Maji yatatoka hadi yafunike tundu, kisha yatasimama, kwa kuwa hewa haina tena njia ya kuingia. Kuku wakinywa, hewa huingia na maji hutoka tena. Kwa njia hiyo vifaranga hawalowi wala kuzama.

Jerikani kuukuu, ikikatwa ubavuni, huwa kihori cha chakula. Ijaze hadi theluthi moja tu na uiinue usawa wa mgongo wa kuku, ili wasiparure na kumwaga. Sakafuni, maganda makavu ya kahawa au vumbi la mbao hufyonza unyevu. Yakilowa, yaondolewe mara moja.

Hatari kubwa iko katika kulea vifaranga. Wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na usiku wa Kampala hushuka hadi karibu nyuzi 17. Wengi huwasha sigiri ya makaa. Katika chumba kimoja ambamo familia hulala na vifaranga pembeni, sigiri inaweza kuua: hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia.

Ipo njia isiyohitaji moto. Nchini Ethiopia wafugaji wadogo wamefundishwa kutumia kisanduku kilichozungushiwa nyasi kavu, ambacho huhifadhi joto la miili ya vifaranga wenyewe. Mbuya, boksi la katoni ndani ya boksi kubwa zaidi, nyasi zikishindiliwa katikati, latosha kwa vifaranga ishirini hivi. Kwa siku za mwanzo, weka ndani kijerikani cha maji ya moto kilichofungwa kwa gunia, na uyabadilishe yanapopoa. Acha matundu ya hewa. Kisha watazame vifaranga: wakirundikana na kulia, wana baridi, wakijitenga huku wametanua midomo, joto limezidi.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hayatengenezwi nyumbani. La kwanza ni chanjo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, waweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na hauna tiba. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone moja katika jicho moja na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa chanjo zinazochanganywa na maji ya kunywa, tahadhari: dawa ya klorini iliyomo katika maji ya bomba huiua chanjo.

Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa ua mmoja, na kikifunguliwa hakiwekwi hadi kesho. Majirani wakichanga fedha na kupanga siku moja, gharama hushuka, na ugonjwa hukosa pa kuanzia.

La pili ni chakula cha vifaranga. Kuku wakubwa wa kienyeji huongezewa pumba za mahindi, mboga na dagaa, yaani mukene. Kifaranga huhitaji protini nyingi iliyopimwa. Mahindi yenye kuvu yasitumiwe kamwe, hata yakiuzwa rahisi.

Aidha, kuku mgeni atengwe kwa wiki mbili. Mafua ya ndege yaliyogunduliwa nchini mwezi Januari 2017 yaliwapata ndege wa porini na wa kufugwa pia.

Wanaotaka kujifunza kwa macho wanaweza kufika katika kituo cha kilimo cha Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, kilichopo Kyanja, katika divisheni hiyo hiyo ya Nakawa. Fedha iliyookolewa kwa chupa na jerikani ndiyo itakayonunua chanjo. Anayeibana hapo pia, hukaribisha hasara.