Moshi wa dhahabu hauna harufu

NYALUKEMBA. – Mwaka 2000, kule Marekani, katika jimbo la Missouri, watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi, yale mahindi ya kupasuka, walikutwa na ugonjwa wa mapafu ambao ni nadra sana. Hawakuwa watu wa shimo wala wa baruti. Walikuwa wanatengeneza chakula! Kilichowaumiza ni mvuke wa dawa inayotoa harufu ya siagi. Moja ya vitu vilivyo ndani yake inaitwa diasetili.

Ndugu wachimbaji, mutauliza: siagi inatuhusu nini? Inatuhusu, juu merkire yetu, ile wengine wanaita zebaki, iko na tabia ileile: hatari kubwa inapitia pumzi. Ukiichoma ili dhahabu ibaki, inakuwa mvuke, na karibu asilimia 80 ya ule unaovuta inabaki mwilini. Hauna rangi, hauna harufu. Unafika kwa ubongo na kwa figo. Mikono inatetemeka, usingizi unapotea, hasira inakuja bure. Jirani wanasema: amelogwa, ao ni pombe. Kwa mama mwenye mimba, unapita mpaka kwa mtoto.

Kamituga kuna tena bamama twangaises, wanaotwanga mawe. Vumbi ile inaleta silikozi: mapafu yanakauka, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Basi tufanye nini? Usichome merkire ndani ya nyumba, hata siku moja, wala kwa sufuria ya chakula. Kitambaa mdomoni hakizuii mvuke. Kuna chombo cha kufungwa, retorte, kinachokamata mvuke na kurudisha merkire: unalinda mapafu na unapunguza matumizi. Bamama, mulowanishe mawe mbele ya kutwanga. Nguo za kazi zisiingie penye batoto wanalala.

Kule Missouri, daktari ndiye aliyeona wagonjwa wanatoka kiwanda kimoja, akaarifu idara ya afya. Sisi, nani atatuhesabu? Sheria ya madini ya 2018 inataka mchimbaji awe ndani ya kooperative. Vizuri. Basi kila kooperative iwe na kaye ya afya: jina, kazi, miaka, ugonjwa. Muganga akiisoma, ataona kama ni uchawi ao ni kazi. Bila kaye, kila mmoja wetu atakufa na ugonjwa wake peke yake, na hakuna atakayelipa.