Shanta la Mlima wa Barafu kwa Mfuko wa Juba

Juba imekaa kwenye mwinuko wa mita 550 hivi, na mlima wenye barafu ulio karibu nayo zaidi ni Rwenzori. Kinyeti, kilele kirefu kuliko vyote Sudan Kusini, kina mita 3,187 katika safu ya Imatong. Usiku wake una baridi na asubuhi zake zina ukungu, lakini theluji hakuna. Mtu wa hapa anayetaka kukanyaga barafu hupanda basi la Nimule, akapita Gulu na Kampala hadi Kasese, au akakaza mwendo mpaka Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Kabla ya yote hayo huanza kuuliza habari za begi: lipi ni jepesi, lipi ni imara, lipi halitaila nauli yote.

Mimi husema begi, au shanta kama walivyoliita askari wa zamani, linunuliwe mwisho, tena kwa fedha kidogo. Buti, glavu na nguo za kuzuia mvua ndivyo vinavyolinda vidole na uhai. Shanta ni gunia lenye mikanda. Ukijua kazi yake, unaweza kulipata sokoni kwa bei nafuu na fundi cherehani akalimalizia. Usipoijua kazi hiyo, hata shanta la bei ya pikipiki litakusumbua.

Tuanze na hali ya hewa, kwa sababu maelezo mengi ya vifaa huandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako majira ya baridi yana mwanzo na mwisho. Kwetu ikweta, juu ya mita 4,500 maji huganda usiku katika mwezi wowote, na mchana jua huchoma. Kwenye Mlima Kenya majira hufuata upande wa mlima. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko kaskazini, basi miamba ya upande huo hukauka na upande wa kusini hushika barafu. Kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Machi, mambo hugeuka. Ule mfereji mashuhuri wa Diamond Couloir, uliokwewa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge, uko upande wa kusini. Barafu yake imepungua sana tangu enzi zao. Rwenzori nako, njia ya kilele cha Margherita, mita 5,109, bado inahitaji kamba, shoka la barafu na njumu za chuma zinazofungwa chini ya buti. Ila kabla ya kuifikia barafu hiyo utapita siku kadhaa kwenye mvua na matope. Kwa hiyo shanta la milima yetu hupambana na maji, tope, mwamba, barafu na jua katika safari moja. Hilo ni jambo zito kuliko maneno ya kwenye lebo.

Sasa hesabu ya mzigo. Kamba ya kukwea huwa na takriban gramu 60 kwa kila mita, hivyo ya mita 60 ina kilo 3.6, na huwa mnapokezana na mwenzako. Njumu za barafu ni karibu kilo moja, shoka ni nusu kilo, mshipi wa kukwea ni gramu 400 au pungufu. Lita mbili za maji ni kilo mbili kamili. Ongeza koti nene, begi la kulalia la kilo moja na robo hivi, chakula na jiko dogo. Mtu mwenye nidhamu hufika kilo 10 au 11. Mzigo huo huingia kwenye shanta la lita 35 hadi 40. Ukiwa unalala kambini na kwenda kileleni usiku kurudi mchana, kama wafanyavyo wengi kwenye Margherita, lita 30 zinatosha.

Watu hubishana sana juu ya gramu za kitambaa na kusahau ukubwa wa begi. Shanta la matembezi la lita 70, lenye fremu, mifuko mingi na migongo ya wavu, mara nyingi lina kilo mbili na nusu likiwa tupu. Shanta la kukwea la lita 35 huwa kati ya gramu 700 na kilo moja na nusu. Ukiacha lile ukachukua hili, umeokoa kilo nzima au zaidi bila kununua kitambaa cha ajabu. Tena begi kubwa halikai na nafasi wazi: utatia sweta la tatu, kopo la pili la samaki, na kitabu. Ukishafika kwenye lita 35, kushuka kutoka kilo moja na robo hadi gramu 800 ni faida, lakini faida hiyo ni sawa na chini ya nusu lita ya maji, na dukani huenda ukailipia mara mbili. Mimi ningeweka fedha hizo kwenye glavu.

Kwenye matembezi ya kawaida begi hukaa mgongoni nawe unatembea wima. Kwenye mwamba au barafu unanyanyua mikono juu ya kichwa, unainua goti hadi kiunoni, unatazama juu kutafuta pa kushika, na kiunoni umevaa mshipi wenye vifaa vinavyoning'inia. Hapo ndipo begi baya linapojionyesha. Fremu ndefu hugonga helmeti kwa nyuma na kukulazimisha kutazama miguu. Mkanda mnene wa kiunoni hufunika vifaa vya mshipi, na mifuko ya ubavuni hukwaruza mwamba na kuzuia viwiko. Tafuta begi jembamba lisilopita upana wa mgongo wako, lenye sura laini, lenye mkanda wa kiunoni unaoondoka au mwembamba kama utepe, mikanda miwili ya kubana kila ubavu, na kifuniko au mdomo wa kufunga kwa kamba. Zipu ndefu ya mbele inafaa uwanja wa ndege. Mlimani ikijaa mchanga na barafu haifungi, na begi lisilofunga ni hatari kubwa kuliko begi zito.

Jipime kabla ya kununua. Inamisha kichwa, utagusa mfupa uliojitokeza chini ya shingo. Kisha shika viuno kwa mikono, vidole gumba vielekee nyuma, na mwenzako apime kwa futi ya fundi kutoka mfupa ule hadi mstari kati ya vidole gumba vyako. Urefu huo ndio unaotakiwa kulingana na mgongo wa shanta. Urefu wako wa kusimama hausemi mengi. Halafu lijaze mzigo palepale. Chupa sita za maji za lita moja na nusu ni kilo tisa, na hazikosekani sokoni. Azima helmeti ya mwendesha boda, livae begi, tazama juu, inua goti, nyoosha mikono yote miwili. Kama kisogo kinagonga begi, lirudishe.

Kitambaa kina lugha yake. Namba za denia unazoziona kwenye lebo ni uzito, kwa gramu, wa mita 9,000 za uzi uliofumiwa kitambaa hicho. Denia 70 ni jepesi mno kwa mwamba wa Mlima Kenya. Denia 210 ni wastani mzuri, na 420 chini ya begi, mahali linapoburuzwa, ni bora zaidi. Vipo vitambaa vya nyuzi kama Dyneema ambavyo ni vyepesi na havichaniki ovyo, ila bei yake haimfai mtu anayehesabu nauli. Nailoni ya kawaida yenye ufumaji mnene imewafikisha watu wengi kileleni.

Juba ina mambo mawili ambayo muuzaji wa Ulaya hayawazi: jua na joto. Jua hula nailoni polepole, na begi lililotundikwa mbele ya kibanda kwa miezi limeshaanza kudhoofika hata kama halijavaliwa. Ukienda soko la Konyokonyo, liache lile linalopeperuka juu na uombe lililo chini ya robota. Linganisha rangi ya sehemu ya juu ya mikanda ya mabegani na rangi iliyofichika chini ya mikunjo. Kama zimeachana sana, nguvu nayo imekwenda. Kisha geuza begi ndani nje. Mabegi mengi yamepakwa utando wa poliyurethani wa kuzuia maji, na utando huo huvunjika taratibu unapokutana na unyevu na joto kwa muda mrefu. Dalili zake ni kunata vidoleni, magamba meupe, na harufu kali ya uchachu. Begi la namna hiyo linaweza kubeba mzigo, lakini maji litayaingiza. Mwisho vuta kila mkanda kwa nguvu pale unapoungana na mwili wa begi, ukiangalia kama matundu ya sindano yanapanuka. Mshono uliolegea unarekebishika, lakini kitambaa kilichochanika kando ya mshono ni cha kuachwa.

Ukilipata lenye mwili mzima, lipeleke kwa fundi. Kazi ya kwanza ni kupunguza: mifuko ya wavu itoke, kifuniko cha mvua kilichoshonewa kitoke, mikanda mirefu ikatwe lakini ibaki na urefu wa kushikika kwa mkono wenye glavu nene. Fremu ya chuma ikiondoka, weka badala yake kipande cha mkeka wa sponji ngumu, ile isiyofyonza maji, kilichokatwa kwa kipimo cha mgongo. Kinalainisha begi, na usiku kinakuwa cha kukalia juu ya jiwe baridi. Kazi ya pili ni kuongeza. Chini ya begi, kitanzi cha utepe wa nailoni cha kupitishia shoka la barafu; juu yake, kamba ya mpira yenye kishikizo cha kufunga mpini. Pale nyuma ya shingo kuwe na kitanzi cha kuvutia begi kwa kamba, kilichoshonwa mpaka ndani ya mshono mkuu na kurudiwarudiwa. Mwambie fundi atumie uzi wa poliesta au ule wa nailoni wa mafundi viatu, maana uzi wa pamba huoza ukilowa.

Wako wanaoona aibu kwenda mlimani na begi la fundi wa mtaani. Mwaka 1943 Felice Benuzzi na Waitaliano wenzake wawili walitoroka kambi ya mateka wa vita Nanyuki ili waupande Mlima Kenya. Kamba zao zilitokana na katani ya vitanda vya kambini, mashoka yao na nyundo, njumu zao na vyuma chakavu. Mmoja aliugua na kubaki chini. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, iliwarudisha kwa dhoruba, lakini Benuzzi na Giovanni Balletto walifika Lenana, kilele cha tatu, kisha wote wakarudi kambini kujisalimisha. Nawaheshimu sana kwa ufundi ule, lakini sitaki msomaji auige wote. Gunia la kubebea unaweza kulishona. Kamba, mshipi, helmeti na vishikizo vya chuma vinunuliwe vipya vikiwa na alama za viwango, au vikodishwe kwa kampuni inayovikagua. Rwenzori njumu, mashoka na mishipi hukodishwa, na hilo pekee linaweza kukuachia fedha ya buti. Ukitaka shanta jipya bila kuvunja benki, tazama la Simond, chapa ya Decathlon, ambayo imekuwa na maduka Nairobi.

Kuhusu mvua, kifuniko cha nje hupeperushwa na upepo na kunasa kwenye mwamba. Kinga bora iko ndani, yaani mfuko mmoja mkubwa mgumu usiopitisha maji, unaoviringishwa mdomo. Usitegemee mifuko ya plastiki ya dukani: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na hifadhini hukaguliwa.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Uzito unaoutoa begani mwako usiuhamishie bega la mpagazi. Kilimanjaro kikomo chake ni kilo 20 pamoja na vitu vyake mwenyewe, na hata kikomo hicho hukiukwa. Kwenye matope ya Bujuku huko Rwenzori, mpagazi Mkonzo aliyebeba kuliko inavyopasa anaweza kuvunjika mguu. Pima mzigo wako kwa mizani ya mahindi nyumbani, upunguze huko huko.

Kabla ya safari, fanya mazoezi na begi likiwa na uzito wake wa kweli. Jebel Kujur magharibi ya mji hutosha, ukienda alfajiri, ukiwa na wenzako, na baada ya kuulizia hali ya usalama. Panda na maji, na ukifika juu yamwage, magoti yashuke yakiwa mepesi.

Ukirudi, safisha tope kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, usitumie mashine wala dawa ya madoa. Likaushe kivulini, mdomo wazi, mikanda imelegezwa. Usilitundike kwenye chumba cha mabati kinachooka mchana kutwa, wala usilifungie kwenye mfuko wa nailoni likiwa na unyevu, maana ule utando wa ndani huharibikia hapo kuliko mlimani. Kikapu kilichowekwa sakafuni, upande wa nyumba usiopata jua, kinafaa kulihifadhia. Ndani yake tia bizimu mbili za akiba na mita mbili za utepe, kwa sababu kifungio cha kifuani ndicho huvunjika kwanza.