Pengo Si Sifuri: Kubadili Programu ya Kituo cha Hali ya Hewa



Mmeniuliza kwa nini daftari letu la mvua lina mstari mtupu. Kosa ni langu. Nilizima kituo chetu kidogo cha hali ya hewa ili niweke programu mpya, nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Ikachukua mchana kutwa, na mchana huo huo mvua ikanyesha hapa Bustan. Nyinyi mlirowa, kituo hakikupima hata tone.

Maskati hupata mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka, tena kwa siku chache tu. Ukikosa saa moja, pengine umekosa sehemu kubwa ya mvua ya mwaka. Na sisi tulioona kimbunga cha Gonu, Juni 2007, tunajua wadi ikishuka haimngoji mtu.

Hospitali, zamu moja haiondoki mpaka nyingine ipokee wagonjwa. Kituo nacho tukifanyie hivyo:

1. Tazama utabiri. Kukiwa na dalili ya mvua, ahirisha.

2. Nakili vipimo vyote kwenye flashi, kisha uifungue kwenye kompyuta nyingine. Nakala usiyoifungua usiihesabu.

3. Jaribu programu mpya kwenye kompyuta ya pili kwanza. Ya zamani usiifute, huenda ukairudia.

4. Zima kompyuta tu. Vifaa vya juu ya paa viache. Vituo vingi vina kisanduku chenye kumbukumbu yake, kinachoendelea kuhifadhi vipimo. Hakikisha kwanza kama chako kinacho.

5. Weka nje kopo lenye kuta zilizonyooka. Maji yakisimama milimita 5 kwa rula, mvua ni milimita 5.

6. Ukimaliza, angalia saa ya kompyuta ni ya Oman, kisha linganisha vipimo vya mwisho vya zamani na vya kwanza vipya.

Pengo likibaki, andika "hakuna kipimo", na saa lilipoanza na kwisha. Usiandike 0. Sifuri maana yake tulipima, mvua haikunyesha. Karatasi ya mgonjwa isiyoandikwa homa haisemi kwamba hana homa.

Mstari wetu mtupu nimeshauandika hivyo. Jumamosi ijayo tutaweka programu tena, safari hii kwa utaratibu. Kila mtoto aje na kopo na rula. Na kabla ya hapo, waulizeni bibi na babu: manyunyu, vuli na masika vina tofauti gani?

Mwalimu wenu