Kabla hujalipia tovuti, fahamu nani atakayeimiliki

WENYE biashara ndogo wanaoamua kuwa na tovuti huuliza swali moja kabla ya mengine yote: itagharimu pesa ngapi? Swali hilo ni la haki, lakini halifai kutangulia. Linalofaa kutangulia ni hili: kazi itakapokamilika, tovuti hiyo itakuwa mali ya nani, na funguo zake zitakuwa mikononi mwa nani?

Mizozo mingi baina ya kampuni za kubuni tovuti na wateja wao haitokani na ubovu wa kazi. Hutokana na mambo ambayo kila upande ulidhani yanaeleweka, na kwa hivyo hayakusemwa. Mteja hudhani amenunua bidhaa, kama anunuavyo meza kwa seremala. Kampuni nayo huhesabu kwamba imeuza huduma, ambayo sehemu yake hulipiwa kila mwaka. Wote wawili wana ukweli fulani, na ndiyo sababu ni muhimu kufahamu hatua ambazo kazi hii hupitia.

Tuchukulie mfano wa mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane mjini Lamu anayetaka wageni wamwone mtandaoni bila kupitia kwa mawakala. Kampuni iliyokomaa haitaanza kwa kumwonyesha rangi na picha. Itaanza kwa kumhoji. Wageni wake hutoka wapi? Huulizia vyumba kwa simu, kwa barua pepe au kwa ujumbe mfupi? Je, anataka walipe papo hapo kwenye tovuti, au waulize tu kisha wajibiwe? Nani atakayebadilisha bei msimu wa watalii ukianza?

Majibu ya maswali hayo ndiyo huamua ukubwa wa kazi. Tovuti ya kurasa tano zenye maelezo na picha ni kitu kimoja. Tovuti inayoonyesha vyumba vilivyo wazi na kupokea malipo ya M-Pesa au ya kadi ni kitu kingine kabisa, hata kama kwa macho zinafanana. Mteja anayeambiwa bei kabla ya kuulizwa lolote ana kila sababu ya kusita.

Baada ya mahojiano, kampuni huandika waraka unaoeleza kazi itakayofanywa: idadi ya kurasa, lugha zitakazotumika, mambo ambayo tovuti itaweza kufanya, muda na gharama. Sehemu ambayo wateja wengi huiruka, nayo ni yenye thamani kubwa, ni ile inayotaja mambo yasiyokuwemo. Je, kupiga picha kumo? Kuandika maelezo kumo? Kutafsiri je? Waraka usiotaja mipaka huzaa ugomvi, kwa kuwa kila wazo jipya la mteja litaonekana kwake kuwa sehemu ya mapatano, na kwa kampuni kuwa kazi ya ziada.

Malipo hugawanywa kwa mafungu. Desturi iliyozoeleka ni mteja kutoa arbuni, mara nyingi karibu nusu ya gharama, kisha kumalizia kazi inapokamilika; wengine hugawa mara tatu. Kilicho muhimu kuliko hesabu yenyewe ni kila fungu kufungamanishwa na jambo linaloonekana: mchoro ulioidhinishwa, tovuti iliyo tayari kufanyiwa majaribio, kisha makabidhiano. Malipo yanayofuata tarehe tu humwacha mteja akilipia kazi asiyoiona, au kampuni ikingoja pesa kwa kazi iliyokwisha.

Hatua inayofuata ni michoro. Kwanza huchorwa ramani ya kurasa na jinsi zinavyoungana, bila rangi wala madoido, ili mteja aamue mpangilio. Ndipo sura yenyewe ibuniwe. Kampuni nyingi huweka kikomo cha marekebisho, kwa kawaida mara mbili au tatu. Hilo lisichukuliwe kuwa ni uchoyo. Mteja anayetuma maoni ya mkewe leo, ya mhasibu kesho na ya rafiki yake kesho kutwa huirudisha kazi mwanzo kila siku. Afadhali ateue mtu mmoja wa kukusanya maoni yote na kuyatuma kwa maandishi mara moja.

Hata hivyo, kinachochelewesha kazi hizi kwa kawaida ni maneno. Kampuni humaliza kujenga kurasa, kisha hukaa wiki nenda wiki rudi ikingoja maelezo ya huduma, bei, historia ya biashara na picha. Mteja alifikiri kampuni itaandika. Kampuni ilifikiri mteja ataleta. Anayetaka tovuti yake iwe tayari kwa wakati na aandae maelezo hayo kabla hata ya kutoa arbuni. Na akitaka tovuti ya Kiswahili na Kiingereza, atenge pesa za mtafsiri. Maelezo yaliyopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri bila kusomwa na mtu humwaibisha mwenye biashara mbele ya wateja walewale anaowatafuta.

Katika majaribio, mteja asiridhike kuitazama tovuti kwenye kompyuta ya ofisi ya kampuni. Tangu nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009, kasi ya intaneti nchini imeongezeka mno. Lakini wasomaji wengi hutumia simu za mkononi, tena kwa data wanayoinunua kidogo kidogo. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na uzito wa megabaiti nne au tano, na ikipachikwa ilivyo hulimaliza hilo bando bila faida. Mteja na aifungue tovuti kwa simu ya bei nafuu, mahali penye mawimbi hafifu, ajaribu kuagiza chumba kama mgeni. Atagundua mengi.

Sasa tufike penye kiini: umiliki. Tovuti si kitu kimoja bali ni vitu vinne vilivyoshikana. Kuna jina la mtandaoni, ambalo wataalamu huliita kikoa. Kuna nafasi kwenye seva ambamo tovuti huhifadhiwa. Kuna kurasa zenyewe pamoja na programu inayoziendesha. Na kuna maneno na picha. Kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe tofauti.

Kikoa ndicho cha kuangaliwa kwanza. Nchini Kenya, majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, lililoanzishwa mwaka 2002, na wananchi huyapata kupitia kwa kampuni zilizoidhinishwa kuyasajili. Majina yanayoishia kwa .co.ke ni ya biashara, .or.ke ni ya mashirika yasiyolenga faida, na .sc.ke ni ya shule za msingi na za upili. Jina halinunuliwi likawa lako daima; hulipiwa kwa kipindi, na lisipolipiwa hatimaye huachwa wazi kwa mtu mwingine kulisajili.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kampuni ya kubuni humsajilia mteja jina, lakini katika sajili huandika jina lake yenyewe na anwani yake yenyewe ya barua pepe. Huenda haikuwa na nia mbaya. Ilirahisisha kazi tu. Lakini uhusiano ukivunjika, au kampuni ikifungwa, au kijana aliyefanya kazi hiyo akihamia kwingine, mwenye biashara hana anachoweza kuonyesha. Jina lililoandikwa kwenye kadi, kwenye mabango na kwenye gari la kubebea mizigo liko mikononi mwa mtu mwingine, na barua pepe zote zinazotumia jina hilo zinaweza kunyamaza siku hiyohiyo. Dawa yake ni nyepesi: jina lisajiliwe kwa jina la biashara ya mteja, kwa barua pepe ambayo haitegemei tovuti hiyo, na ilani za kulipia upya zimfikie yeye mwenyewe.

Kuhusu kurasa na programu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaeleza kwamba hakimiliki huwa ya mtunzi kwanza. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wake, huchukuliwa kuwa imehamishiwa aliyeiagiza, isipokuwa pande zote mbili zimekubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kandarasi inaweza kusema kwamba kampuni inabaki na haki zote na mteja anapewa ruhusa ya kutumia tu. Si kosa kisheria, lakini anayetia sahihi na ajue anachotia sahihi. Kadhalika, kampuni haiwezi kumhamishia mteja haki ambazo haina yenyewe. Programu kama WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ni huria na hutumiwa na yeyote, ilhali picha na violezo vilivyonunuliwa kwa wengine vina masharti yake.

Lipo pia jukumu ambalo mteja hawezi kumtwika mbunifu. Tovuti inayokusanya majina, nambari za simu au za pasipoti za wageni iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwenye biashara ndiye anayeamua habari hizo zinakusanywa kwa nini, na ndiye atakayeulizwa kwanza. Kanuni za mwaka 2021 huziondolea biashara ndogo lazima ya kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini baadhi ya sekta, ikiwemo ya hoteli na malazi, hazikupewa nafuu hiyo. Faini inayoweza kutozwa na Kamishna ni hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Basi mwenye nyumba yetu ya Lamu asikusanye nambari za pasipoti mtandaoni ikiwa anaweza kuziandika mgeni anapowasili.

Siku ya makabidhiano, mteja apokee kwa maandishi: maneno ya siri ya akaunti ya kikoa, ya seva, ya tovuti na ya barua pepe, nakala kamili ya tovuti, orodha ya vitu vinavyolipiwa kila mwaka pamoja na tarehe zake, na mapatano ya matengenezo. Matengenezo si anasa. Programu isiyosasishwa huwa mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni, na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kama inaweza kurejesha tovuti haina uhakika wowote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la tovuti ni hizo karatasi chache. Kampuni njema haichukizwi na mteja anayezidai; humpa hata kabla hajauliza. Inayokwepa kuzitoa imekwisha kumjibu lile swali la nani mwenye tovuti.