Siku Saba za Iten Hazitakuongezea Damu

Swali limenijia tena Jumatatu, kabla sijamaliza chai. "Dokta, nina likizo ya siku saba. Nikienda Iten wiki ya mwisho kabla ya mbio za Moshi, nitapunguza dakika ngapi?" Aliyeuliza ni mhasibu, mtu wa hesabu, anayekimbia na kikundi cha jogging hapa Dar es Salaam na ambaye nusu marathoni humchukua saa mbili na ushee. Kabla yake aliuliza mwalimu. Kabla ya mwalimu aliuliza bibi harusi mmoja aliyetaka fungate lake liwe la mazoezi, na nilimwonea huruma bwana harusi. Tangu Alphonce Simbu atwae ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, kila mwenye raba mpya anataka kupelekwa mlimani. Simbu mwenyewe hufanya mazoezi Arusha, kwenye mita 1,400 hivi. Hilo hakuna anayeniuliza.

Nijibu mara moja kwa wote, kisha mniache nitibu magoti ya watu. Dakika utakazopunguza ni sifuri. Upo uwezekano mkubwa kwamba utaongeza.

Sisemi usiende. Nenda. Iten, huko Kenya, ni mahali pazuri pa likizo kwa mtu anayependa riadha kuliko pengine popote Afrika Mashariki, na nitafika huko kwenye uzuri wake. Lakini kwanza tuondoe uchafu mezani.

Imani yenyewe inakwenda hivi: hewa ya mlimani ni nyepesi, mwili ukikosa oksijeni unatengeneza damu, damu ndiyo inayoipelekea misuli oksijeni, basi lala huko siku saba urudi umejaa kama tenki la Simtank. Kila kipande cha maneno hayo kina ukweli ndani yake, ndiyo maana imani hii haing'oki. Kosa liko kwenye kalenda.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa bonde la Kerio. Hewa yake ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Kariakoo. Kilichopungua ni kanieneo, yaani ule mgandamizo wa hewa unaoisukuma oksijeni iingie mapafuni, kiasi kwamba kila pumzi unayovuta inabeba pungufu kwa robo. Figo hugundua upungufu huo ndani ya saa chache na kuanza kutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Hapa ndipo msomaji wa mitandaoni anapoacha kusoma na kukata tiketi. Hakungoja kuambiwa kwamba homoni hiyo ni oda tu. Mzigo wenyewe bado. Oda inakwenda kwenye uboho wa mifupa, na uboho unahitaji karibu wiki nzima kukuza chembe nyekundu mpya na kuziachia kwenye mishipa. Wewe unafunga begi kurudi nyumbani, chembe zako za kwanza ndiyo kwanza zinachungulia mlangoni.

Makadirio tunayotumia ni kwamba himoglobini yote mwilini huongezeka kwa asilimia moja hivi kwa kila saa 100 za kukaa mlimani. Siku saba ni saa 168. Mhasibu, piga mwenyewe. Ni asilimia moja na nusu na kidogo, tena kwa mtu aliyelala vizuri, aliyekula vizuri na mwenye akiba ya kutosha ya madini ya chuma. Sasa weka upande wa pili wa daftari. Uwezo wa mwili wako kutumia oksijeni umeshuka kwa asilimia 10 hadi 15 tangu uteremke kwenye matatu, hivyo siku zote saba umekimbia taratibu kuliko ulivyozoea, au, kama ninavyowajua, umekataa kukimbia taratibu na umejimaliza. Usingizi umekatikakatika. Kichwa kimegonga siku mbili za mwanzo. Hamu ya kula imepungua, maji umekunywa machache kwa sababu kuna baridi. Hapo unashuka Moshi kukimbia ukiwa na uchovu wa mlimani na faida isiyoonekana hata kwa saa ya mkononi.

"Lakini dokta, mimi damu ilipanda, ninacho cheti." Naam, vyeti. Hivi ndivyo vinavyonichosha kuliko swali lenyewe. Mtu amepima kabla ya safari, damu ikasoma 14. Amepima siku ya tano, ikasoma 15. Amepiga picha karatasi ameirusha kwenye kundi la WhatsApp, na watu ishirini wamekata tiketi. Sikilizeni. Siku za mwanzo mlimani mwili hupunguza maji ya damu. Unapumua sana, hewa ni kavu, unakojoa mara kwa mara, na maji yale yanayobeba chembe yanapungua. Kile kipimo cha zahanati hakihesabu chembe zote ulizonazo. Kinapima zimesongamana kiasi gani ndani ya maji yaliyobaki. Acha chai jikoni ichemke mpaka nusu yake ikauke, itakuwa nyeusi na kali, na hakuna aliyeongeza majani. Kunywa maji ya kutosha, rudi pwani, pima tena baada ya siku chache: 14. Cheti hicho cha pili hakuna anayekirusha kwenye kundi.

Nani basi amefaidika na mlima? Jaribio linalotajwa sana katika fani yetu lilichapishwa mwaka 1997 na Benjamin Levine na James Stray-Gundersen. Walichukua wakimbiaji 39, wakawagawa, na waliofaidika ni wale waliolala kwenye mita 2,500 na kushuka mita 1,250 kufanya mazoezi yao. Mbio zao za mita 5,000 zilipungua kwa sekunde 13 hivi kwa wastani. Muda waliokaa ni wiki nne. Narudia, wiki nne, kwa watu waliokuwa tayari wakimbiaji wazuri, na bado baadhi yao hawakupata kitu. Wewe ambaye nusu marathoni inakuchukua saa mbili, wiki nne za kukimbia mara kwa mara hapohapo Msasani zitakupunguzia zaidi ya hapo, na utalala kwako.

Kuna wanaonijibu kwa kutaja Wakenya. Tuwataje, basi, lakini kwa ukamilifu. Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240. Naftali Temu alishinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza, siku chache baadaye Kipchoge Keino akashinda mita 1,500. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, alianguka baada ya kumaliza na ikabidi awekewe oksijeni. Wengi hukumbuka hadi hapo. Ila Temu alishinda kwa dakika 29 na sekunde 27, wakati rekodi ya Clarke ilikuwa dakika 27 na sekunde 39. Yaani hata mzaliwa wa nyanda za juu hakimbii kasi zaidi akiwa juu; anapungukiwa kidogo kuliko mgeni, basi. Na hiyo nafuu hakuipata kwa likizo. Aliipata kwa kuzaliwa huko, kukulia huko na kukimbia huko maisha yake yote.

Na mlima peke yake haumpi mtu medali. La Paz, Bolivia, iko juu ya mita 3,600, nitajieni bingwa wake wa marathoni. Iten ilichonacho ni shule ya St. Patrick's, ambako Mwairlandi Colm O'Connell alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia akaishia kufundisha riadha, na kutoka mikononi mwake akatoka David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London mwaka 2012. Ilichonacho ni mamia ya vijana wanaojua kwamba jirani yao amejenga nyumba kwa miguu yake. Hivyo havifungwi kwenye begi. Wala havimo kwenye ile barakoa ya mazoezi inayouzwa kwa jina la mwinuko. Barakoa inakubania pumzi tu, kanieneo ya hewa inabaki ileile ya Dar, na figo zako hazidanganyiki kwa kipande cha raba usoni.

Haya, uzuri. Nilipokwenda mara ya kwanza nilijiunga na fatleki ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ni dakika moja ya mbio kali na dakika moja ya kujivuta, mara nyingi kuliko unavyotaka kujua, kwenye barabara ya udongo mwekundu, wakimbiaji zaidi ya mia pamoja, wenye medali na wasio na viatu vya maana. Niliachwa kabla ya dakika ya nne. Wa mwisho kunipita alikuwa msichana aliyekuwa anazungumza na mwenzake na kucheka. Nilisimama pembeni nikalisikiliza kundi linavyokwenda, miguu yote kama mvua inayohama kutoka bati hadi bati, na hilo sijawahi kulisikia kwingine. Kesho yake alfajiri niliwafuata tena, nikakuta jambo la kunishangaza zaidi: watu walewale wanaanza mbio zao nyepesi polepole mno, mwendo ambao wanachama wa vikundi vyetu vya jogging wangeuonea aibu. Mtu anayeweza kumaliza marathoni kwa saa mbili na dakika nane anajikokota kama anaenda kisimani, kwa sababu leo ni siku ya kujikokota. Ukirudi na somo hilo moja, safari imelipa, na hutahitaji maabara.

Sasa mipango, haraka haraka. Kwa ndege, Dar hadi Nairobi, kisha Eldoret, ambayo tangu Agosti 2024 ni jiji rasmi. Kwa barabara kutoka Nairobi unapitia Nakuru, kilomita zaidi ya 300. Eldoret hadi Iten ni mwendo wa matatu, kilomita thelathini na kitu. Kama ni mara ya kwanza na una watoto au wazazi, laleni Eldoret usiku wa kwanza, iko chini kidogo, mita 2,100 hivi. Epuka mvua za masika, Machi hadi Mei, maana ule udongo mwekundu unageuka gundi. Beba sweta na koti jepesi. Alfajiri ni baridi ya kweli, na mchana jua linachoma kuliko la Kigamboni. Vyumba vipo vya kila mfuko, kuanzia vya kulala tu hadi kambi aliyoianzisha Lornah Kiplagat na hoteli za ukingoni zinazotazama bonde. Siku mbili za mwanzo tembea tu. Ya tatu kimbia nusu saa, mwendo wa kuweza kusimulia hadithi. Fatleki iangalie kwanza, uijaribu mwishoni. Jumapili usitafute kundi, watu wako kanisani. Shuka Tambach ukatazame bonde, au panda na mwavuli wa kurukia kama roho yako ni ngumu, yangu si ngumu. Ukishuka hadi chini bondeni lala ndani ya chandarua, kule kuna joto na malaria.

Mbio zako zikiwa mahali pa chini, maliza likizo angalau wiki moja kabla. Zikiwa hukohuko juu, kama marathoni ya Eldoret, ama fika wiki mbili kabla ama fika jana yake, usiingie katikati. Ukiwa na mwezi mzima na kweli unataka damu, pima ferritini wiki sita kabla. Kupima wingi wa damu peke yake hakutoshi, akiba ya chuma inaweza kuwa imekwisha na damu bado inasoma vizuri, na bila chuma uboho utapokea oda na kukaa nayo. Usibugie vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Chai usinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kufyonzwa. Najua hilo ni gumu mahali ambapo chai ya maziwa ndiyo karibu.

Moja sitaliharakisha. Mwenye selimundu asipande huko bila kuzungumza na daktari wake. Anayebeba kinasaba kimoja tu, AS, jambo la kawaida kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, anaweza kwenda, lakini ajue kwamba kujikaza mlimani kunaweza kuidhuru bandama. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto yakija, aache mbio na aende hospitali siku hiyohiyo. Asimeze dawa ya gesi akangoja.

Hayo yote nilimwandikia mhasibu, kwa kirefu kuliko hapa. Alinishukuru sana, akasema sasa ameelewa, kosa liko kwenye kalenda. Juzi usiku akanitumia ujumbe: "Dokta, na je, Lushoto?"

Lushoto iko mita 1,400. Matunda yake ni mazuri.