Usogelee Mzigo Kabla ya Kuuinua

Leo tutazame kazi ya kila siku: kuinua mtungi wa maji wa lita 20. Uzito wake ni kilo 20 na kidogo. Je, mgongo hubeba kilo 20 tu? La, hasha!

Mmepata kuona mtaimbo ukisukua jiwe. Mwili nao una mitaimbo yake: mifupa ndiyo chuma, viungo ndivyo mahali pa kuegemea, na misuli ndiyo yenye kuvuta. Lakini sisi twashika mtaimbo mbali na egemeo, ili tupate nguvu. Msuli umeshikamana karibu nalo. Faida yake ni mwendo: msuli hujikunja kidogo, mkono ukasafiri mbali. Gharama yake ni nguvu nyingi.

Misuli ya mgongo iko kama sentimita 5 tu nyuma ya egemeo lake katika uti. Ukiinama na kuushika mtungi sentimita 50 mbele, umbali huo ni mara 10. Basi misuli yavuta kama kilo 200, mbali na uzito wa kiwiliwili chenyewe! Ukiuleta mtungi hadi sentimita 25, mvuto huo wapungua nusu.

Kwa hiyo, ndugu, usogelee mtungi, kunja magoti, ulete karibu na tumbo, ndipo usimame. Na mama mjamzito tusimwachie mtungi uliojaa, tumsaidie.