Je, Wajua? Kilatini juu ya kilima cha Burundi

Mvua ya Kamenge, Burundi, hutiririkia Ziwa Tanganyika. Lakini inayonyesha ng'ambo ya milima, huko Rutovu, husafiri na Nili mpaka Mediterania, bahari ya Warumi. Piramidi ya mawe iliyojengwa hapo 1938 na Mjerumani Burkhart Waldecker ina maneno ya Kilatini: Caput Nili, yaani chanzo cha Nili.

Warumi wenyewe hawakufika. Askari wa Kaizari Nero, waliotumwa kutafuta chanzo katika karne ya 1, walikwama kwenye vinamasi, yaelekea vya Sudan Kusini. Magugu yalisongamana mno, hata ukapita mtumbwi wa mtu mmoja tu!

Mabaki halisi ya bidhaa za Kirumi Afrika Mashariki? Shanga za kioo cha Kirumi, alizochimbua Profesa Felix Chami eneo la Rufiji, Tanzania.